Roboti Iliyotupunja Nusu Mikrolita

Kisa hiki kilitokea katika maabara moja ya utafiti iliyo kwenye mji wa nyanda za juu Afrika Mashariki, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Jina la maabara, la mradi na chapa ya roboti nimeyaondoa, na mambo mawili matatu yasiyogusa kiini nimeyabadilisha ili wahusika wasitambulike. Mimi nilikuwa upande wa vifaa, yaani yule mtu anayeitwa mashine ikigoma. Safari hii mashine haikugoma. Ilikwenda na kurudi siku nzima, taa yake ya kijani, na ndiyo maana tulichukua wiki sita kujua kwamba inatupunja.

## Usuli

Kazi ya maabara ilikuwa kuhesabu vimelea vya malaria kwa njia ya PCR, yaani kurudufisha DNA mzunguko baada ya mzunguko mpaka iweze kuonekana, kutoka kwenye matone ya damu yaliyokaushwa juu ya karatasi. Kila kisima cha sahani ya visima 96 huwekewa mikrolita 8 za mchanganyiko wenye vimeng'enya, kisha mikrolita 2 za DNA ya sampuli. Mikrolita moja ni sehemu moja ya elfu ya mililita. Ukizifanya mikrolita mbili ziwe tone la mviringo, kipenyo chake ni milimita moja na nusu hivi: kichwa cha pini. Wateknolojia watatu walikuwa wakibonyeza pipeti, kile kifaa cha kuvuta na kuachia kimiminika kwa kipimo, mamia ya mara kwa siku, na wawili kati yao walishaanza kufunga dole gumba kwa bandeji.

Kwa miaka mingi roboti za kuhamisha vimiminika zilikuwa za maabara tajiri. Mashine za kampuni kama Hamilton au Tecan huanzia makumi ya maelfu ya dola, na zikiungwa vifaa vyote hupita laki moja, hapo hujalipa mkataba wa matengenezo. Mambo yalianza kubadilika mwaka 2014, kampuni ya Opentrons ya New York ilipochangisha fedha kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangia miradi, kwa ajili ya roboti yake ya kwanza. Iliyofuata, OT-2, iliuzwa kwa dola elfu kumi hivi au pungufu, programu zake ziko wazi kwa yeyote, na maagizo yake yanaandikwa kwa lugha ya programu ya Python. Mwaka 2020 hospitali kadhaa za Hispania zilizitumia kuandaa vipimo vya UVIKO-19. Leo zipo nyingine za daraja hilo, na wapo wanaogeuza printa ya 3D kuwa mkono wa kushika pipeti.

Maabara yetu ilinunua moja ya daraja hilo la bei nafuu. Tulijadili kuiunda wenyewe, maana kijana wetu wa programu alikuwa na hamu, lakini mkuu wa mradi alikataa. Alisema fedha ya roboti ipo ila fedha ya miezi sita ya majaribio haipo. Nadhani alikuwa sahihi, na hata baada ya yote yaliyotokea sijabadili mawazo.

## Maamuzi mawili ya mwanzo

La kwanza lilihusu standadi, yaani zile sampuli zenye kiasi kinachojulikana ambazo sampuli nyingine zote hulinganishwa nazo. Mteknolojia mwandamizi alitaka ziendelee kuwekwa kwa mkono. Standadi ni ghali na huja kidogo kidogo, na hakuwa tayari kuzikabidhi kwa kitu kilichoingia ofisini mwezi uliopita. Kwa hiyo roboti ikapewa mchanganyiko, sampuli na kontroli, yaani sampuli za kuhakiki kwamba kipimo chenyewe kimefanya kazi. Standadi akabaki nazo yeye. Wakati ule hakuna aliyepinga. Mimi pia nilikaa kimya.

La pili lilikuwa jaribio la kuipokea mashine. Tulipima kwa maji, kwa ujazo wa mikrolita 20 na 10, tukipima uzito wa kila tone. Matokeo yalikuwa mazuri sana, mazuri kuliko mkono wa mtu yeyote pale. Mikrolita 2 hatukuzipima. Sababu ilikuwa mizani. Yetu husoma hadi sehemu ya kumi ya miligramu, na mikrolita 2 za maji ni miligramu 2 tu, kwa hiyo tarakimu ya mwisho peke yake ni asilimia 5 ya unachopima. Kiwango cha ISO 8655, kinachoongoza upimaji wa pipeti, kwa ujazo mdogo namna hii kinadai mizani nyeti kuliko yetu kwa mbali. Basi tukapima tulichoweza kupima, tukaandika kwenye fomu kwamba mashine imefaulu.

## Ilivyokwenda

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa raha. Sahani zilitoka kwa saa, vidole vikapona.

Mwezi wa tatu ncha zilianza kuisha. Ncha ni vile vijiti vya plastiki vinavyovaliwa na pipeti, na kila sampuli hutumia mpya, ndiyo kusema sahani moja inakula boksi zima la 96 kabla hujahesabu za mchanganyiko. Ncha halisi za mtengenezaji zilikuwa zimekwama kwenye usafirishaji, kisha forodha. Sehemu ya manunuzi ikapata za "kufanana" kwa muuzaji wa mjini, bei chini ya nusu, mabunda yakiwa tayari dukani. Sampuli moja ya ncha ililetwa maabara. Kijana wa programu akaivisha kwenye pipeti, ikakaa vizuri, haikuvujisha. "Inaingia, dada," akamwambia mteknolojia mwandamizi. Yakaagizwa maboksi 80.

Kuanzia hapo kontroli chanya ilianza kuchelewa. Kwenye PCR ya aina hii tunasoma Ct, namba ya mzunguko ambao mwanga wa DNA unavuka mstari. DNA ikiwa kidogo, Ct inapanda. Kontroli yetu ilipanda kwa karibu nusu mzunguko. Kikomo tulichojiwekea kilikuwa mzunguko mmoja kwenda juu au chini, kwa hiyo kila sahani ilipita. Karatasi ya ufuatiliaji ilikuwa ukutani, nukta zimepanda ngazi na kubaki huko juu, na sisi tukipita mbele yake kila asubuhi tukielekea kwenye chai.

Kilichotushtua ni kitu kingine. Sampuli zenye vimelea vichache, ambazo huwekwa visima viwili viwili, zilianza kugombana zenyewe: kisima hiki chanya, mwenzake hasi. Mteknolojia mwandamizi akachukua kumi na mbili za namna hiyo, akazirudia kwa mkono. Tisa zikatoa chanya kwenye visima vyote viwili. Siku hiyo hiyo mchana akaniita. Akaniambia, "Kaka, sitaki kuisingizia mashine. Lakini njoo uitazame."

## Washukiwa

Nilikuta orodha ya washukiwa imeshaandikwa ubaoni: uchimbaji wa DNA, shehena mpya ya mchanganyiko, umeme, na mwinuko wa mji wetu. Uchimbaji uliondoka haraka, kwa sababu DNA ile ile ndiyo iliyotoa majibu mazuri kwa mkono. Mchanganyiko nao ukaondoka kwa hoja hiyo hiyo. Umeme ulikuwa ukikatika, ila roboti ilikuwa nyuma ya betri ya akiba na kumbukumbu zake hazikuonyesha kusimama katikati.

Mwinuko ndio ulipendwa na wengi. Pipeti hizi huvuta kimiminika kwa kutumia mto wa hewa ulio kati ya pistoni na kimiminika, na ni kweli kwamba mahali palipoinuka hewa ni nyepesi, mto unatanuka zaidi, na pipeti hutoa pungufu kuliko ilivyopimwa pwani. Lakini hesabu yake inakaa kwenye kipande cha karatasi. Safu ya maji ya sentimita moja ndani ya ncha inavuta kwa paskali 98. Usawa wa bahari hiyo ni kama sehemu moja ya elfu ya kanieneo ya hewa. Kwetu, penye takriban paskali 83,000, ni sehemu moja na theluthi moja hivi ya elfu, tena nikiikadiria kwa juu. Hata mto wa hewa ukiwa na mikrolita 100, tofauti kati ya Mombasa na kwetu haifiki nne ya mia ya mikrolita. Hiyo ni asilimia 2 ya mikrolita mbili. Sisi tulikuwa tunatafuta mwizi wa asilimia ishirini na kitu.

## Tulivyompata

Kwa kuwa mizani haikuweza kuona tone moja, tuliipa matone 96 kwa pamoja. Tuliweka mikrolita 8 za maji kwenye kila kisima, tukafunika sahani kwa utando, tukaipima. Tukaifunua, roboti ikaongeza mikrolita 2 kila kisima, tukaifunika na kuipima tena. Pembeni tuliweka sahani ya pili yenye maji yale yale, imefunuliwa muda ule ule bila kuongezwa chochote, ili ituambie hewa imekunywa kiasi gani. Ilikunywa miligramu 12. Baada ya kurudisha hizo, ongezeko lilipaswa kuwa miligramu 192. Kwa ncha halisi, boksi la mwisho tulilolificha kabatini, tulipata 189. Kwa ncha za kufanana tulipata 140.

Mia moja arobaini kwa visima 96 ni mikrolita 1.46 kwa kisima badala ya 2.

Wastani ulikuwa umejulikana, ila haukusema upungufu umegawanyikaje. Tulirudia kwa tartrazini, ile rangi ya njano ya vyakula. Roboti iliweka mikrolita 2 za rangi, tukaongeza maji kwa pipeti ya ncha nane, tukahamishia kwenye sahani ya kitako bapa na kuisoma kwenye mashine ya ELISA, inayopima ukali wa rangi kwa mwanga, hapa wa nanomita 405. Hata kabla ya kusoma, macho yalitosha. Visima vingi vilikuwa na njano moja, vichache vilikuwa vyeupe kabisa, na baadhi vilikuwa njano iliyopauka, katikati ya hawa na wale. Pipeti inayovuta pungufu isingefanya hivyo; ingepauka kote sawasawa. Hapa kimiminika kilivutwa chote ila hakikushushwa chote.

Kijana wa programu akaegemeza simu yake kwenye boksi la glavu, akarekodi kwa mwendo wa polepole huku roboti ikiendesha safu moja. Tuliitazama video hiyo watu watano tukiwa tumebanana. Ncha inashuka kisimani. Tone la njano linatoka, linavimba, linaning'inia. Ncha inapanda, na tone linapanda nayo, limekumbatia plastiki kwa nje, likielekea kwenye pipa la taka. Kisima kilichofuata tone liligusa uso wa mchanganyiko, likanyonywa mara moja. Cha tatu likagusa, likakatika vipande viwili, nusu ikabaki.

Tulipochukua vernia, kile kipimio cha sehemu za milimita, na kupima ncha zote mbili zikiwa zimevaliwa kwenye pipeti, za kufanana zilikuwa fupi kwa milimita moja na kidogo. Roboti haina macho. Inaamini urefu wa ncha uliofundishwa siku ya urekebishaji, na ilifundishwa kwa ncha halisi. Programu yetu ilikuwa inaachia kimiminika milimita 2 juu ya kitako cha kisima, mahali ambapo ncha halisi ilikuwa imezama kidogo tu kwenye mchanganyiko. Ncha fupi ikawa inaachia hewani, sehemu ya milimita juu ya uso.

Na tone la mikrolita 2 halidondoki, hata ungelisubiri mpaka jioni. Mvutano wa uso wa maji kwenye mdomo wa plastiki wa upana ule unaweza kubeba tone la zaidi ya mikrolita 15. Ndiyo maana jaribio letu la mikrolita 20 lisingeliona tatizo hili hata kama tungelifanya kwa ncha hizi hizi, na tulifanya kwa zile halisi.

## Tulichoamua

Siku ya video tulisimamisha utoaji wa matokeo. Mkuu wa mradi aliwaandikia washirika wiki hiyo hiyo, kabla hatujajua ukubwa wa hasara. Kulikuwa na waliotaka tungoje "picha kamili", lakini mficha uchi hazai, na barua ile ilitupatia muda na uvumilivu ambao tusingeupata baadaye. Hakuna mgonjwa aliyekuwa akitibiwa kwa majibu haya, ilikuwa utafiti. Sampuli zote za wiki sita zilirudiwa, kwanza kwa mkono kwa zile zenye vimelea vichache, kisha zilizobaki kwa roboti iliyorekebishwa.

Programu ilibadilishwa ili ncha izame, iachie milimita 1 juu ya kitako, itulie nusu sekunde, ipande taratibu, kisha iguse ukuta wa kisima kabla ya kuondoka. Upulizaji wa mwisho, ule wa hewa ya kusukuma mabaki nje ya ncha, tuliupeleka usoni mwa kimiminika, maana ukipuliza chini unapika povu. Urekebishaji wa urefu sasa unafanywa kwa kila aina ya ncha, na jina la ncha linaandikwa ndani ya programu yenyewe. Standadi zilihamia kwenye roboti, isipokuwa moja ya kati ambayo huwekwa mara mbili, na roboti na kwa mkono, ili wawili hao wachungane.

Mwendo wa taratibu uliongeza dakika kadhaa kwa kila sahani, na dakika zaidi ni uvukizi zaidi. Tulipochunguza tuliona kiyoyozi kinapuliza moja kwa moja juu ya roboti. Kipande cha kadibodi kilichobandikwa kwa selotepu kilimaliza hilo. Bado kipo.

## Matokeo

Jaribio la uzito kwa mpango mpya na ncha halisi lilitoa miligramu 190. Nukta za kontroli zilirudi zilikokuwa. Sehemu kubwa ya sampuli za wiki sita hazikubadilika kati ya chanya na hasi, ila hesabu za vimelea zilipanda karibu zote, na kundi dogo lililoandikwa hasi likageuka chanya.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni mtu. Mteknolojia mwandamizi aliona visima pacha vikigombana na hakuridhika na neno "vimelea vichache hubahatisha". Neno hilo lina ukweli, na ndiyo hatari yake. Kisima kikitarajiwa kupata wastani wa nakala 2 za DNA, bahati peke yake itakiacha kitupu mara 13 hadi 14 katika 100. Ukipunja robo, wastani ukawa 1.5, kitabaki kitupu mara 22. Ukiangalia sahani moja, tofauti hiyo huwezi kuiona kwa jicho. Aliiona kwa sababu alikuwa ameangalia sahani nyingi.

Kikomo cha kontroli ndicho kilichotuangusha zaidi, kuliko hata ncha. Kila mzunguko wa PCR hurudufisha DNA mara mbili, kwa hiyo makosa makubwa ya ujazo hujificha ndani ya namba ndogo za Ct. Kupunjwa asilimia 10 ni kuchelewa kwa mzunguko 0.15 tu. Kupunjwa asilimia 27, kama sisi, ni 0.45. Kikomo cha mzunguko mmoja kinaruhusu mashine imwage nusu ya sampuli na bado iandikiwe imefaulu. Kikomo hicho kiliwekwa enzi za mkono, watu watatu wenye mikono mitatu, na kilikuwa na maana. Roboti isiyochoka ilipaswa kubanwa zaidi, na kutazamwa kwa mwelekeo wa nukta, siyo nukta moja moja.

Uamuzi wa standadi kwa mkono nimeugeuza kichwani mara nyingi. Kwa upande mmoja ulikuwa kosa: standadi zilipata mikrolita 2 kamili, sampuli zikapata 1.46, na hesabu zote zikashuka. Roboti ingeweka vyote, upungufu wa wastani ungejifuta wenyewe na hesabu zingetoka karibu sahihi. Lakini hapo hapo ndipo penye mtego. Nukta za standadi zingetawanyika kidogo, tungelaumu shehena ya standadi, na sampuli za vimelea vichache zingeendelea kukosa bila mtu kujua kwa nini. Mteknolojia alihifadhi standadi kwa sababu isiyo sahihi, lakini kurudia sampuli kwa mkono kulitupa majibu kwa sababu mkono na roboti vilikuwa bado vinaweza kulinganishwa.

Kuhusu bei: roboti ilikuwa nafuu kweli, na bado ni nafuu. Ila bei ya roboti hulipwa mara moja, na bei ya ncha hulipwa kila sahani. Tulipanga bajeti ya mashine kwa makini na ya ncha kwa kukisia, ndipo mahitaji yakatusukuma kwa muuzaji wa mjini. Simlaumu huyo muuzaji. Ncha zake ni nzuri kwa pipeti za mkono, na hakuna aliyemwuliza urefu. Fomu ya manunuzi ilikuwa na nafasi ya ujazo, idadi na bei. Sasa ina nafasi ya urefu wa ncha ikiwa imevaliwa, kwa milimita, na haipiti mezani kwangu ikiwa tupu.

Jaribio la mikrolita 2 kwa sahani nzima lilichukua asubuhi moja, kwa mizani ile ile tuliyosema haiwezi. Lingewezekana siku ya kwanza. Tunalifanya sasa kila mwezi na kila shehena mpya ya ncha au sahani inapoingia, na mteknolojia yeyote anaweza kuliendesha.

Maboksi ya ncha fupi yaliyobaki yako rafu ya chini, yameandikwa kwa kalamu nyekundu SI ZA ROBOTI, na hutumika kugawa bafa, kimiminika cha kutunza kiwango cha asidi, kwa mkono. Kitu kimoja bado kinatusumbua: visima vya pembeni, hasa safu ya 12, hukauka zaidi ya vya katikati hata baada ya ile kadibodi. Kwa sasa roboti huanza sampuli upande wa pili na kumalizia safu hiyo, ili ikae wazi muda mfupi zaidi.